Ibn Sina na kutafuta sababu ya madhara

Mwaka 1952 watu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, walishikwa na homa iliyowakunja viungo. Kwa lugha yao wakaiita chikungunya, yaani yenye kumpinda mtu, na jina hilo ndilo linalotumika leo duniani kote. Watafiti wakagundua kuwa ni virusi vinavyoenezwa na mbu. Uwandani maji ni ya shida. Watu waliyafuata mbali na kuyaweka majumbani, na humo vyomboni mbu wakazaliana. Sababu ilionekana kwa sababu ilitafutwa.

Ndugu Waislamu, kazi hiyo wazee wetu waliifanya zamani. Mmoja wao ni Abu Ali al-Husayn Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, Uzbekistan ya leo. Alihifadhi Qur'an akiwa na miaka 10. Akiwa bado kijana alishiriki kumtibu Amir Nuh bin Mansur, na kwa hilo akafunguliwa maktaba ya kasri.

Hakuishi kwa raha. Alihama mji hadi mji. Huko Hamadan alifanywa waziri, askari wakamwasi, baadaye akafungwa katika ngome ya Fardajan, na humo kifungoni aliendelea kuandika. Kitabu chake cha tiba, al-Qanun, chenye sehemu 5, kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi.

Humo alieleza kuwa afya hutegemea hewa, chakula na kinywaji, mwendo na mapumziko, usingizi na kukesha, mwili kutoa au kuzuia taka zake, na hali za nafsi kama hofu, hasira na huzuni. Katika ash-Shifaa akatoa mfano wa ubao. Ukilazwa chini, mtu hupita juu yake bila tabu. Ubao huo huo ukiwekwa juu ya shimo, hathubutu kupita ila polepole. Miguu ni ile ile. Kilichomzuia ni hofu ya kuanguka.

Alifariki Hamadan mwaka 1037 kwa maradhi ya tumbo. Mwanafunzi wake al-Juzjani alisimulia kuwa alijitibu kwa pupa hadi matumbo yakapata vidonda, na watumishi waliomwibia wakamzidishia afyuni katika dawa. Maradhi, haraka na khiyana, vyote vilikutana kwa mtu mmoja.

Tujiulize basi. Leo mtu akiugua au akipotewa na usingizi, iwe Masasi, Newala au Dar es Salaam, wapo wanaokimbilia kumtaja jirani au bibi kizee. Uchawi upo na Uislamu umeuharamisha, lakini nani katupa ruhusa ya kumtuhumu mtu kwa dhana? Vikongwe wameuawa nchini kwa dhana kama hizo. Na mgonjwa wa akili hufungwa kamba wakati anahitaji daktari.

Mgonjwa asomewe dua, apelekwe hospitali, na aulizwe kwa upole nini kinamsumbua moyoni. Haya matatu hayapingani.

Wallahu a'lam.