Crowther na mzigo wa kinyongo

Kila mwaka niwafundishapo wanafunzi wangu habari za toni katika lugha za Afrika, hulitaja jina la Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyeandika sarufi na kamusi ya lugha yake. Zamani nilimtaja kama mwanaisimu tu. Siku hizi namtaja kwa sababu nyingine pia.

Mwaka wa 1821, Ajayi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, wavamizi waliuteketeza mji wao wa Osogun. Alifungwa kamba shingoni, akatenganishwa na mamaye, akauzwa mara kadhaa hata akaangukia mikononi mwa Wareno. Mwezi wa Aprili 1822 manowari ya Kiingereza iliinasa meli aliyopakiwa, naye akashushwa Freetown, Sierra Leone. Huko alisoma, akabatizwa mwaka wa 1825, na mwaka wa 1843 akapewa ukasisi mjini London.

Mwaka wa 1846, huko Abeokuta, alionana tena na mama yake. Miongoni mwa waliomteka walikuwamo Wayoruba wenzake wa Oyo, tena Waislamu. Hata hivyo, lahaja ya Oyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya Biblia aliyowatafsiria watu wake, na Waislamu wa Mto Niger aliwaendea kwa adabu, akijadiliana nao pasipo matusi.

Jaribio kubwa lilitoka nyumbani mwake mwenyewe. Alikuwa askofu tangu mwaka wa 1864, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Kianglikana. Mwaka wa 1890 wamishonari vijana kutoka Uingereza waliwasimamisha kazi wachungaji wake mbele ya macho yake, akiwemo mwanawe Dandeson. Mzee yule alipinga, akajiuzulu katika kamati ile. Lakini Kanisa hakuliacha. Miezi iliyosalia aliitumia kupanga jinsi makanisa ya Delta yatakavyojitegemea, hata akafariki tarehe 31 Desemba 1891. Kiti chake akapewa Mzungu.

Wapo wanaodhani kusamehe ni kunyamaza. Crowther hakunyamaza, wala hakuuita uonevu kwa jina jingine. Alichokataa ni kuiacha kazi ya Mungu iharibike kwa sababu yeye ameumizwa.

Nakiri kwamba kwa miaka 9 sikumwamkia mwenzangu mmoja aliyechapisha utafiti wangu kwa jina lake. Tulipishana ukumbini kama mawe. Jumapili nilisali Baba Yetu, nikakipita haraka kile kifungu cha kuwasamehe waliotukosea. Nami ndiye niwafundishaye vijana kwamba neno kinyongo limetokana na nyongo! Nyongo, msomaji wangu, humo tumboni mwa mwenyewe. Adui haionji kamwe.

Juma lililopita nilibisha mlangoni pake, nikampa mkono. Haki yangu ningali naidai, tena kwa maandishi. Nyongo nimeitema.