Rugambwa yupi? Maisha ya kardinali wa kwanza kutoka Muleba

Msikilizaji wetu, ukiwa Bukoba mjini ukamwambia bodaboda akupeleke Rugambwa, atakushusha kwenye shule ya sekondari ya wasichana. Ukiwa Dar es Salaam upande wa Ukonga, jina hilohilo litakufikisha hospitalini. Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Kardinali Rugambwa ameongoza misa Tabora, huyo ni mtu aliye hai. Na ukiingia kanisa kuu la Bukoba, utaonyeshwa kaburi la Kardinali Rugambwa.

Tangu mwaka 2023, Tanzania ilipopata kardinali mwingine mwenye jina hilo, swali limekuwa likitufikia kwa simu na kwa ujumbe: hawa wawili ni ndugu? Wapo wanaouliza kama wa pili ni mtoto wa wa kwanza. Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba kwa jina kama hilo, njia lazima iwe nyeupe.

Ili kujibu, inabidi tumjue kwanza yule aliyelifanya jina hili lisikike duniani. Tunasimulia maisha yake, kisha tutarudi kwenye swali.

Mtoto wa Bukongo

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kabla hajatimiza miaka 3, mwezi Juni 1915, Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu wakaushambulia mji wa Bukoba. Vita ilipokwisha, mtoto huyu alijikuta akikua chini ya mtawala mwingine.

Baba yake aliitwa Domitian Rushubirwa na mama yake Asteria Mukaboshezi. Ilikuwa familia ya watu wa heshima, wa tabaka la watawala wa kienyeji. Hawakuzaliwa katika Ukristo. Baba, mama na mtoto walibatizwa pamoja tarehe 19 Machi 1921, Laurean akiwa na miaka 8.

Shikilia hapo jina la baba. Baba ni Rushubirwa, mtoto ni Rugambwa. Tutalihitaji jambo hili mbele.

Wakati huo Mapadri Weupe, wamisionari walioingia Buhaya kutoka Uganda na kufungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, walikuwa wameshajenga shule na parokia sehemu nyingi. Laurean alisoma Rutabo, kisha akaingia seminari ya Rubya, shule inayowaandaa vijana wanaotaka upadri. Kutoka Rubya alivuka mpaka kwenda Katigondo, seminari kubwa iliyo Masaka, Uganda, ambako vijana wa pande zote mbili za mpaka walisoma pamoja.

Masaka hiyohiyo, mwaka 1939, padri Mganda aitwaye Joseph Kiwanuka alifanywa askofu. Kwa vijana weusi waliokuwa seminarini lilikuwa jambo kubwa. Mpaka siku hiyo, askofu waliyemfahamu katika maeneo yetu alikuwa Mzungu.

Laurean alipewa upadri tarehe 12 Desemba 1943, akiwa na miaka 31. Alifanya kazi katika parokia za huku kwetu kwa miaka kadhaa, kisha akapelekwa Rome kusoma sheria za Kanisa. Hizo ndizo sheria zinazosema ndoa ipi ni halali, mali ya parokia ni ya nani, na askofu ana mamlaka hadi wapi. Mwaka 1951 alimaliza na shahada ya udaktari.

Mtihani wa Rutabo

Tarehe 13 Desemba 1951, Vatikani ilikata sehemu ya Bukoba na kuifanya jimbo la kimisionari lililoitwa Kagera ya Chini. Eneo hilo lilikabidhiwa mapadri wazawa, na Rugambwa akateuliwa kuliongoza. Tarehe 10 Februari 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alikuwa na miaka 39, na alikuwa askofu Mkatoliki wa kwanza mweusi katika Tanganyika. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Machi 1953, eneo lake likawa dayosisi kamili iliyoitwa Rutabo.

Wewe unayesoma haya ukiwa Kamachumu au Rutabo kwenyewe, fikiria maana yake. Makao ya dayosisi yalikuwa hapo, kati ya migomba na kahawa. Na mapadri wazawa walikuwa wanatazamwa. Kama hesabu zingepotea, kama shule zingefungwa, kama mapadri wangegombana, wapo ambao wangesema Waafrika bado hawajawa tayari. Na hilo lingewachelewesha wengine katika nchi nzima.

Rutabo haikuanguka. Miaka 7 baadaye jina la askofu wake lilitangazwa Rome.

Machi 1960

Kardinali ni mshauri wa karibu wa Papa. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kushiriki kumchagua Papa mpya pale kiti kinapokuwa wazi. Tarehe 28 Machi 1960, Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa kuwa kardinali. Siku hiyohiyo walifanywa makardinali Peter Tatsuo Doi wa Tokyo, wa kwanza kutoka Japani, na Rufino Santos wa Manila, wa kwanza kutoka Ufilipino. Rugambwa akawa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika nyakati hizi. Alikuwa na miaka 47.

Tanganyika ilikuwa haijapata Uhuru. Ilibaki mwaka mmoja na miezi 8. Kwa hiyo mtu ambaye nyumbani alitawaliwa na gavana aliyetumwa kutoka London, huko Rome aliketi katika baraza moja na makardinali wa Ufaransa, Italia na Marekani.

Mwezi Juni 1960 makao yake yalihamishwa kutoka Rutabo kwenda mjini, na akawa Askofu wa Bukoba.

Kati ya mwaka 1962 na 1965 alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima. Wazee watakumbuka tofauti iliyoletwa na mkutano huo. Kabla yake misa ilisomwa kwa Kilatini. Baada yake waumini walianza kuisikia misa kwa lugha wanayoielewa.

Papa Yohane XXIII alipofariki mwaka 1963, makardinali walikutana kumchagua atakayemfuata, wakampata Paulo VI. Kati ya wapiga kura wote, kutoka bara zima la Afrika alikuwepo mmoja tu, naye ni Rugambwa. Mwaka 1978 alipiga kura tena mara mbili, Agosti na Oktoba, kwa sababu Papa Yohane Paulo I alifariki baada ya kukaa kwenye kiti siku 33 tu.

Kutoka Bukoba kwenda Dar es Salaam

Tarehe 19 Desemba 1968 Rugambwa aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Kabla yake kiti hicho kilikuwa cha Edgar Maranta, mmisionari kutoka Uswisi. Rugambwa akawa Mwafrika wa kwanza kukikalia.

Aliingia jijini wakati mgumu na wenye matumaini pia. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Benki na viwanda vikubwa vilishataifishwa. Mwaka 1969 ikaja sheria mpya ya elimu, na serikali ikachukua shule zilizokuwa zikiendeshwa na makanisa. Kwa Kagera, ambako misheni zilikuwa na shule nyingi, mabadiliko hayo yaligusa karibu kila kijiji. Kanisa likalazimika kutafuta namna mpya ya kuwatumikia watu ndani ya nchi iliyokuwa imechagua ujamaa. Shule ya wasichana ya Rugambwa, ambayo leo ni ya serikali, inaendelea kubeba jina lake. Hospitali ya Ukonga nayo inalibeba.

Aliongoza Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 23. Mwezi Septemba 1990, Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania, mwenyeji wake jijini alikuwa Kardinali Rugambwa, mzee wa miaka 78. Tarehe 22 Julai 1992, siku chache baada ya kutimiza miaka 80, alistaafu. Nafasi yake ilichukuliwa na Polycarp Pengo, ambaye baadaye naye akawa kardinali.

Laurean Rugambwa alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, siku moja kabla ya taifa kuadhimisha Uhuru. Alikuwa na miaka 85. Mwili wake uliletwa nyumbani, akazikwa kwa muda Kashozi, kwa kuwa kanisa kuu la Bukoba lilikuwa likihitaji matengenezo. Miaka karibu 15 ikapita. Mwezi Oktoba 2012 mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa kuu, na ndipo alipo mpaka leo.

Rugambwa wa pili

Sasa turudi kwenye swali. Mwadhama Protase Rugambwa alizaliwa Bunena, Bukoba, tarehe 31 Mei 1960. Hesabu mwenyewe: ni miezi miwili na siku tatu baada ya Laurean kufanywa kardinali. Upadri alipewa tarehe 2 Septemba 1990 na Papa Yohane Paulo II, katika ziara ileile ya Dar es Salaam ambayo mwenyeji wake alikuwa Kardinali Laurean. Mwaka 2008 akawa Askofu wa Kigoma. Mwaka 2012 akaitwa Rome kufanya kazi katika ofisi za Papa zinazoshughulika na umisionari. Mwaka 2023 alirudi nchini kwa ajili ya Tabora, na tarehe 30 Septemba mwaka huo akafanywa kardinali. Mwezi Mei 2025 alikuwa miongoni mwa waliomchagua Papa Leo XIV, kama Rugambwa wa kwanza alivyofanya mwaka 1963.

Je, ni mtoto wake? Hapana. Padri Mkatoliki haoi, na kiti cha askofu hakirithiwi. Zamani hapa Buhaya mtoto wa mukama aliweza kukaa kwenye kiti cha baba yake. Katika uaskofu mlango huo haupo.

Je, jina moja linaonyesha kwamba wametoka nyumba moja? Hapa ndipo linapokuja lile jina la baba tuliloomba ulishikilie. Baba yake Laurean hakuwa Rugambwa. Alikuwa Rushubirwa. Kwa desturi yetu, jina la Kihaya alipewa mtoto mwenyewe. Halikuteremka kutoka kwa baba kama wafanyavyo Wazungu. Ndani ya Rugambwa anayejua Kihaya atasikia okugamba, yaani kusema, na ni jina ambalo familia yoyote ingeweza kumpa mtoto wake. Ndiyo maana utamkuta Rugambwa Muleba, Rugambwa Misenyi na Rugambwa Karagwe, na kila mmoja ana ukoo wake na mwiko wake.

Kilichotuchanganya ni fomu. Shule, benki na kitambulisho cha taifa vinataka jina la mwisho, na tumezoea kudhani jina la mwisho ni jina la ukoo. Ukitaka kujua kama mtu ni ndugu yako, wazee wetu hawakuanzia kwenye jina. Walimuuliza ukoo wake na mwiko wake.

Hata kwa wengine

Jambo hili si la Buhaya peke yake. Jirani zetu Waganda walikuwa na Askofu Joseph Kiwanuka wa Masaka tuliyemtaja, na pia Benedicto Kiwanuka, mwanasiasa aliyeongoza serikali ya Uganda kuelekea Uhuru na baadaye kuwa Jaji Mkuu, mpaka askari wa Idi Amin walipomchukua mwaka 1972. Jina moja, mmoja wa Kanisa, mwingine wa siasa na sheria.

Hata Marekani, ambako jina la mwisho ndilo la ukoo, wamekuwa na marais wawili wenye jina Johnson. Andrew Johnson alichukua nchi mwaka 1865 baada ya Lincoln kuuawa, na Lyndon Johnson mwaka 1963 baada ya Kennedy kuuawa. Wote wawili walikuwa makamu wa rais, na hawakuwa ndugu. Lakini marais wawili walioitwa Bush walikuwa baba na mwana. Jina peke yake halikuambii ni lipi kati ya hayo.

Tunayasema haya kwa sababu ya vijana. Mtoto wa Muleba anayeamini kwamba wakubwa hupeana vyeo kwa majina atakata tamaa kabla hajaanza, na mwenye jina kubwa atakaa akisubiri kuitwa. Maisha ya Laurean Rugambwa hayaungi mkono hata mmoja kati yao. Ni kweli alizaliwa katika nyumba ya heshima. Lakini kilichomtoa Rutabo kikamfikisha Rome ni Rubya, Katigondo, miaka ya parokiani na dayosisi changa ambayo hakuiacha ianguke. Jina lake halikuwa kubwa alipopewa. Lilikuwa jina la mtoto wa Rushubirwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, mwenzako akikuuliza Rugambwa yupi, sasa unaweza kumjibu. Wa Bukongo, aliyezaliwa 1912, amelala katika kanisa kuu la Bukoba. Wa Bunena, aliyezaliwa 1960, yuko Tabora kazini.