Sultani Barghash: Mwenye taa aliyekosa makaa

UMEME ulipofika kisiwani Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, haukupitia nyaya za gridi ya taifa. Ulitokana na jenereta za dizeli, mafuta ambayo sharti yavushwe Ziwa Victoria. Adha hiyo ya kutegemea nishati ya ng'ambo ilimkabili pia mtawala wa kisiwa kingine, Unguja, zaidi ya karne moja iliyopita.

Barghash bin Said alikuwa mwana wa Seyyid Said. Mnamo 1859 alijaribu kumpindua nduguye, Sultani Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, India. Baadaye alirejea, na Majid alipofariki mwaka wa 1870, akatawazwa.

Utawala wake ulianza kwa mikosi. Mwaka wa 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu na merikebu zake. Mwaka uliofuata, Waingereza walimshurutisha kufunga soko la watumwa, biashara iliyotesa umati wa watu huku ikiitajirisha Unguja.

Barghash hakukata tamaa. Alizuru Uingereza mwaka wa 1875, akanunua meli za mvuke, akawavutia raia maji safi kwa mabomba, na mwaka wa 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililosifika kwa taa za umeme. Hata historia ya kampuni ya Kenya Power huanzia kwenye mashine aliyoinunua ili kuangazia kasri yake na barabara za karibu. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliichukua na kuihamishia Mombasa.

Hata hivyo, enzi hiyo ilikuwa ya makaa ya mawe. Ndiyo yaliyochemsha maji, na mvuke wake ukaendesha meli. Mwaka wa 1882 mvuke huohuo ulizungusha mitambo ya vituo vya kwanza vya umeme mijini London na New York. Mitambo ya makaa hufuata kanuni iyo hiyo hadi leo. Unguja haikuwa na makaa. Yaliletwa kwa meli kutoka mbali.

Ndiposa mwaka wa 1881 Sultani akamwajiri Joseph Thomson, mwanajiolojia kutoka Scotland, kuyasaka katika bonde la Mto Ruvuma. Thomson alirejea na habari chungu: alichokikuta ni mwamba mweusi usiofaa kuwa kuni.

Mnamo 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara, Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Aliaga dunia Machi 1888.

Makaa yalikuwepo. Katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania, uchimbaji ulianza Ngaka mwaka wa 2011. Nako Lamu, iliyokuwa sehemu ya himaya yake, kulipangwa mtambo wa makaa wa megawati 1,050, hadi mahakama maalumu ya mazingira ilipofuta leseni yake mwaka wa 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Makaa ya kuanzia yangetoka Afrika Kusini.

Barghash aliweza kununua meli na taa. Kilichomshinda ni kumiliki kinachoziwasha, na fumbo hilo bado halijateguliwa, iwe ni Lamu au Mfangano.