Denis Burkitt, munganga aliyeuliza watu wanakula nini

Mtu akitoka labo na karatasi inayosema chembe sahani zimepanda, swali la kwanza huwa: sasa nile nini zishuke? Chembe sahani ni vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba kidonda ukijikata. Zikizidi sana, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa. Juu ya chakula na ugonjwa, munganga mmoja wa pale jirani Uganda alijifunza mambo mawili yasiyofanana.

Denis Burkitt alizaliwa 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alipokuwa daktari wa upasuaji aliomba kazi Afrika, wakamkataa juu ya jicho hilo. Vita ndiyo iliyomleta Kenya, daktari wa jeshi, na 1946 akafika Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita aangalie mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Burkitt hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa jicho dirishani akaona mtoto mwingine, uso ule ule, ameketi na mama yake nje. Akamkimbilia. Huyu alikuwa na uvimbe hata tumboni. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja: kansa ya tezi, inayokua mbio kuliko karibu kansa zote.

Alichofanya baadaye ni cha kushangaza kwa unyenyekevu wake. Hakuomba mashine. Aliandikia mahospitali barua, na 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari moja kuukuu wakateremka mpaka Afrika Kusini. Zaidi ya kilomita 16,000, mahospitali karibu 60, swali moja tu: watoto wa namna hii mnawaona? Ramani ikaonyesha ugonjwa unafuata joto na mvua, kule malaria ni kali. Karibu na ikweta, juu ya mita 1500 kama kwetu Miti, ulikuwa nadra. Vipande vya uvimbe alivyotuma London vikasaidia kugundua, 1964, kirusi cha Epstein-Barr.

Na tiba? Si chakula. Watoto waliopona Mulago walipona kwa dawa za kansa, wengine kwa dozi chache tu.

Aliporudi Uingereza 1966 ndipo akageukia chakula. Alikumbuka kwamba miaka yote ile Uganda alipasua watu wachache mno wa kidole tumbo na kansa ya utumbo mkubwa, wakati Uingereza walijaa. Akaanza kupima choo cha watu, kweli kwa mizani, bila aibu. Wanakijiji wa Afrika, wenye kula maharagi, viazi na mboga, walitoa choo kingi na upesi kuliko Waingereza wa mkate mweupe. Mengine aliyoyadai hayakuthibitika, alipenda sana hoja yake, lakini nyuzinyuzi na utumbo hadi leo wataalamu wanamkubalia. Alifariki Machi 1993.

Turudi kwa chembe sahani. Mara nyingi zinapanda kwa sababu ya kuambukizwa, au damu kukosa chuma, na wamama wengi wanakosa chuma. Hapo chakula kina kazi: maini, sambaza, maharagi, lengalenga, na chungwa pembeni. Chai, hata ya mashamba yetu, ingoje saa moja au mbili baada ya kula, maana inazuia chuma kuingia. Mara nyingi munganga ataongeza vidonge vya chuma. Lakini kuna watu ambao uboho wenyewe wa mifupa ndio unatengeneza chembe kupita kiasi. Kwao sombe haitashusha kitu. Munganga huamua kama watapewa aspirini kidogo au hidroksiyurea, na damu yao inapimwa tena na tena.