Friedrich Wöhler

Friedrich Wöhler (31 Julai 1800 – 23 Septemba 1882) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kutengeneza urea katika maabara mwaka 1828. Hadi wakati ule urea ilijulikana kama kitu kinachotoka katika mkojo wa binadamu na wanyama tu. Kwa sababu hiyo anahesabiwa kati ya waanzilishi wa kemia ogania, yaani kemia ya kampaundi za kaboni, ingawa sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuchunguza metali na mawe ya madini.

Maisha ya awali

Wöhler alizaliwa Eschersheim, wakati ule kijiji, leo mtaa wa jiji la Frankfurt am Main. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mifugo na kilimo. Tangu utotoni Friedrich alikusanya mawe ya madini na kufanya majaribio ya kemia nyumbani. Alipoanza masomo ya tiba huko Marburg, chumba chake cha kulala kilikuwa pia maabara yake.

Baadaye alihamia Heidelberg alikofundisha mwanakemia Leopold Gmelin. Mwaka 1823 alipata shahada ya udaktari, lakini hakuwahi kufanya kazi ya uganga, kwa sababu Gmelin alimshauri ashike kemia. Alikwenda Stockholm nchini Uswidi akakaa karibu mwaka mmoja na Jöns Jacob Berzelius, mwanakemia aliyeheshimiwa kuliko wote wa kizazi kile. Huko alijifunza namna ya kupima kiasi cha kila elementi ndani ya kampaundi kwa usahihi mkubwa. Alijifunza pia Kiswidi, na kwa miaka mingi alitafsiri vitabu vya Berzelius kwa Kijerumani. Kuanzia mwaka 1825 alikuwa mwalimu katika shule ya ufundi mjini Berlin.

Urea

Wanakemia wa zama hizo waligawa vitu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la vitu visivyo na uhai, kama chumvi, mawe na metali. La pili lilikuwa la vitu vinavyotoka katika viumbe hai, kama sukari, mafuta, siki na urea. Hivi ndivyo vilivyoitwa vya ogania. Wengi waliamini kwamba vitu vya kundi la pili huundwa ndani ya mmea au mnyama kwa msaada wa nguvu ya uhai. Mwanakemia aliweza kuvichanganua, lakini hakutegemewa kuvitengeneza.

Wöhler hakukusudia kuipinga imani hiyo. Alikuwa akichunguza asidi ya siani na chumvi zake zinazoitwa sianati. Alichanganya sianati ya fedha na kloridi ya amoniamu, akitarajia kupata sianati ya amoniamu:

AgOCN + NH₄Cl → NH₄OCN + AgCl

Kloridi ya fedha haiyeyuki katika maji, hivyo huchujwa kwa urahisi. Lakini maji yaliyobaki yalipokaushwa kwa joto, fuwele nyeupe zilizopatikana hazikuwa na tabia ya chumvi ya amonia. Chumvi ya namna hiyo ikitiwa alkali hutoa harufu kali ya amonia. Fuwele hizi hazikutoa harufu hiyo. Zilipotiwa asidi ya nitriki ziliunda magamba yanayong'aa, kama urea ifanyavyo. Wöhler alilinganisha basi vipimo vyake na vile vya Mwingereza William Prout aliyewahi kuchanganua urea safi ya mkojo. Vililingana.

Joto lilikuwa limepanga upya atomu za sianati ya amoniamu:

NH₄OCN → CO(NH₂)₂

Mwanafunzi akihesabu pande zote mbili ataona kaboni 1, oksijeni 1, nitrojeni 2 na hidrojeni 4. Hakuna atomu iliyoongezwa wala kupotea. Kilichobadilika ni atomu ipi imeshikamana na ipi. Mnamo Februari 1828 Wöhler alimwandikia Berzelius kwa furaha kwamba sasa aweza kutengeneza urea bila figo za mtu wala za mbwa.

Liebig na isomeri

Pengine jambo lililowashangaza zaidi wanakemia wenzake lilikuwa hesabu hiyo ya atomu. Walizoea kufikiri kwamba vitu viwili vyenye elementi zilezile kwa kiasi kilekile ni kitu kimoja.

Swali hilo lilikuwa limeanza miaka michache kabla. Justus von Liebig, kijana mwenye hasira za haraka, alikuwa amechanganua fulminati ya fedha, ambayo hulipuka ikiguswa tu. Wöhler alikuwa amechanganua sianati ya fedha, ambayo ni tulivu. Matokeo yao yalikuwa sawa. Liebig alidai kwamba mwenzake amekosea. Vipimo vikarudiwa, na ikaonekana kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Baada ya urea kuongezwa katika mifano ya aina hiyo, Berzelius alikubali mwaka 1830 kwamba vitu tofauti vinaweza kuwa na atomu zilezile zilizopangwa kwa namna mbalimbali, akaviita isomeri. Bila wazo hili haiwezekani kueleza kwa nini kampaundi za kaboni ni nyingi kiasi hiki.

Ugomvi huo ulizaa urafiki wa maisha kati ya Wöhler na Liebig. Mwaka 1832 mke wa Wöhler, Franziska, aliyemwoa miaka miwili tu kabla, alifariki na kumwachia watoto wawili wadogo. Liebig alimwita Giessen wafanye kazi pamoja ili apate kutulia. Walichunguza mafuta ya lozi chungu. Waliyageuza kuwa kampaundi moja baada ya nyingine, na kila mara waliona kundi lilelile la atomu likihama zima bila kuvunjika. Waliliita benzoili, leo huandikwa C₇H₅O. Kazi hiyo, iliyofanywa na mtu mwenye msiba, ilionyesha njia ya kupanga kampaundi za kaboni kwa makundi yake ya atomu, kama wanafunzi wanavyofanya hadi leo. Wöhler alioa tena mwaka 1834.

Je, alimaliza nadharia ya nguvu ya uhai?

Vitabu vingi vya shule husema kwamba jaribio la mwaka 1828 liliangusha nadharia ya nguvu ya uhai kwa siku moja. Habari hii si sahihi. Sianati za wakati ule zilitengenezwa kutokana na damu, kwato na pembe za wanyama, na Wöhler mwenyewe alijua kwamba mtu angeweza kusema uhai ulikuwa umeshatia mkono tangu mwanzo. Tena, tayari mwaka 1824 alikuwa amepata asidi oksaliki, inayopatikana katika mimea, kutokana na gesi ya sianojeni, na ni wachache walioshtuka.

Nadharia hiyo ilififia polepole. Mwaka 1845 Hermann Kolbe, aliyekuwa mwanafunzi wa Wöhler, alitengeneza asidi ya siki kwa kuanzia na vitu visivyotoka katika viumbe, na katika miaka ya 1850 Mfaransa Marcellin Berthelot alitengeneza kampaundi nyingine nyingi. Hadithi ya ushindi wa siku moja ilienea hasa baada ya kifo cha Wöhler, kupitia wasifu ulioandikwa na August Wilhelm von Hofmann.

Kazi nyingine

Mwaka 1827 Wöhler alitoa alumini kwa kupasha joto kloridi yake pamoja na potasiamu. Mdenmark Hans Christian Ørsted alikuwa amemtangulia mwaka 1825, lakini alumini ya Wöhler ilikuwa safi zaidi. Mwaka 1828 alitenga pia metali ya berili.

Baada ya kufundisha Kassel, aliitwa Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1836 akabaki huko hadi mwisho. Katika maabara yake Albert Niemann alitenga kokaini kutoka majani ya koka takriban mwaka 1860. Mwaka 1862 Wöhler mwenyewe alipata kabidi ya kalsi, akaona kwamba ikitiwa maji hutoa gesi ya asetilini:

CaC₂ + 2H₂O → C₂H₂ + Ca(OH)₂

Mafundi wa kuchomelea vyuma wanaotumia gesi hiyo bado huizalisha kwa njia hii mahali pengi, hata Afrika Mashariki. Urea nayo huuzwa leo kama mbolea yenye nitrojeni asilimia 46.

Mwaka 1872 Wöhler alipewa Medali ya Copley na Royal Society ya London. Alifariki Göttingen akiwa na umri wa miaka 82, na sanamu yake ipo mjini humo.