Reuter: Jamaa Aliyefukuza Bei za Hisa kwa Njiwa

Leo naomba tumzungumzie mtu aliyekufa zamani sana, ila kazi yake ndiyo hiyo hiyo inayonikosesha usingizi mwezi huu.

Nina kijiprogramu nakitengeneza hapa kafe. Kazi yake ni kuwasaidia mawakala wa akili mnemba kuchukua bei za hisa (wakala hapa sio yule wa kutoa hela kwenye simu, ni programu inayotumwa kazi na kuifanya yenyewe). Wakala anatuma jina la kampuni, kidude changu kinakwenda kwenye ukurasa wa bei, kinasoma namba, kinamrudishia. Nikakitamba kwa mjomba. Yeye ana hisa chache na alitaka kuuza alipe ada ya shule ya binamu yangu. Nikampa bei, akapiga hesabu, akaenda kuahidi shuleni. Alipouza kweli, hela ikapungua. Kumbe kidude kilikuwa kimehifadhi bei ya siku nne nyuma na kinairudia tu kama kasuku, bila tarehe wala nini. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Mjomba hapokei simu zangu.

Basi katika kuhangaika ndo nikaanza kusoma habari za huyu bwana Reuter.

Alizaliwa Kassel, Ujerumani, tarehe 21 Julai 1816, jina lake Israel Beer Josaphat. Baba yake alikuwa rabi wa Kiyahudi. Ujanani alifanya kazi kwenye benki ya mjomba wake mjini Göttingen (naye mambo yake yalianza kwa mjomba, mnaona?). Mji huo huo ndiko alikokuwa mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, ambaye mwaka 1833 na mwenzake Weber walivuta waya wakawa wanatumiana ishara za umeme. Inaelezwa kwamba kijana alikutana na Gauss na ile habari ya waya ikamwingia kichwani.

Mwaka 1845 alikwenda London, akabatizwa, akajiita Paul Julius Reuter, akamuoa Ida Magnus, binti wa mtu wa benki kutoka Berlin. Baadaye akawa na duka la vitabu Berlin kwa ubia. Mwaka 1848 Ulaya ikawaka mapinduzi, vijitabu vya siasa vikamtia matatani, akakimbilia Paris. Huko akafanya kazi ya kutafsiri habari kwa Charles Havas, halafu akajaribu kufungua shirika lake mwenyewe, yeye na mkewe tu. Lilikufa kabla ya mwaka 1849 kwisha. Wanaosema matajiri wote walizaliwa na bahati wasome hapo.

Sasa njooni kwenye mchongo wenyewe, maana hapa ndipo nilipomvulia kofia.

Mwaka 1849 serikali ya Prussia ilifungua waya wa simu za maandishi kutoka Berlin hadi Aachen, mpakani mwa Ubelgiji. Wabelgiji nao walikuwa na waya wao unaoishia Brussels. Katikati hapakuwa na kitu, pengo la kama kilomita 120. Habari zikifika Brussels zinapanda treni, na treni ya enzi hizo mnaijua wenyewe. Mfanyabiashara wa Berlin anayetaka kujua bei za hisa za upande ule anakaa anasubiri tu.

Reuter akahamia Aachen. Aprili 1850 akaingia mkataba na mfugaji wa njiwa aitwaye Heinrich Geller, njiwa 45. Msicheke, sikilizeni jinsi ilivyofanya kazi. Njiwa hatumwi popote, anajua kurudi kwao tu. Kwa hiyo njiwa wa Aachen walipandishwa treni kila siku hadi Brussels. Kule, bei zikitoka, zinaandikwa kwenye karatasi nyepesi, njiwa anafungwa karatasi, anaachiwa, anarudi bandani kwake Aachen kwa saa kama mbili hivi. Treni inabaki nyuma kwa saa kadhaa. Na bei ile ile ilipewa njiwa zaidi ya mmoja, ili mwewe akimkamata mmoja mwingine afike. Karatasi ikifika inapelekwa mbio ofisi ya waya, Berlin wanapata.

Mimi nilisoma hapo nikasimamisha kila kitu. Huyu hakuwa na hisa, hakuwa na waya, hakuwa hata na njiwa wake mwenyewe! Alichokuwa anauza ni ule muda tu, bei ikiwa bado ya moto. Husimuliwa pia kwamba pale Aachen aliwafungia wateja ndani ya ofisi hadi wote wapate bei pamoja, ili pasiwe na anayemtangulia mwenzake kukimbilia sokoni. Hiyo ya kufungiana mlango sijui kwetu ingepita bila ugomvi, lakini nia naielewa.

Biashara ya njiwa haikudumu hata miaka miwili. Waya ziliunganishwa, pengo likaisha. Wengi wangelia. Yeye akatazama pengo lingine liko wapi, akaliona baharini. Mwaka 1851 akahamia London, na Oktoba 10 akafungua ofisi ya vyumba viwili karibu na soko la hisa, msaidizi wake ni mtoto wa miaka kama 12. Mwezi uliofuata waya wa chini ya bahari kati ya Dover na Calais ukafunguliwa, naye akawa anapitisha bei za ufunguzi na za kufunga soko kati ya London na Paris, mara mbili kwa siku.

Magazeti yalimdharau kwa miaka. Mwaka 1858 ndipo Morning Advertiser walipokubali, tena baada ya kuwapa habari wiki mbili bure wajaribu. Hesabuni wenyewe, 1851 hadi 1858.

Ya baadaye nayapitisha haraka. Alivuta waya hadi Crookhaven, ncha ya kusini ya Ireland, ili meli kutoka Marekani zidondoshe makopo ya habari kabla ya kufika bandarini. Rais Lincoln alipouawa Aprili 1865 habari ilichukua siku 11 kufika London, na Reuter alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwa nayo. Mwaka 1871 akapewa ubaroni.

Ila si malaika. Mwaka 1872 alimshawishi Shah wa Uajemi amkabidhi reli, migodi, misitu na hata ushuru wa forodha, nchi karibu nzima mkononi mwa mtu mmoja kwa miaka 70. Watu wakachachamaa, mwaka 1873 mkataba ukafutwa. Hapo mimi nipo na Waajemi.

Alistaafu 1878, akafariki Nice, Ufaransa, Februari 25, 1899, akiwa na miaka 82. Akazikwa London.

Kidude changu nimeshakirekebisha. Sasa kila bei inatoka na tarehe na saa yake, na ikiwa imepita siku moja kinakataa kujibu. Tatizo lililobaki ni wikiendi na sikukuu: soko limefungwa, bei ya Ijumaa ndiyo bei halali, lakini kidude kinadhani imechacha kinagoma. Mwenye ujuzi wa jinsi ya kukifundisha kalenda ya sikukuu anisaidie hapo chini, hasa Idd, maana inategemea mwezi. Na kama mjomba anasoma hii, ile tofauti ya ada nimeanza kuichanga, nikifikisha nusu naileta.