Frantz Fanon: Tabibu wa Rangi Mbili

Jina la Frantz Fanon si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiafrika. Wengi wetu tulikutana nalo katika mihadhara ya uhakiki, au tulipoangukia Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga iliyochapishwa mwaka wa 1978. Hata hivyo, aghalabu tunamsoma kama mtetezi wa mapinduzi na kusahau kwamba kazi iliyompa riziki ilikuwa udaktari wa magonjwa ya akili. Sehemu kubwa ya kurasa za mwisho za kitabu hicho imejaa wagonjwa, na baadhi yao ni Wazungu. Makala haya yanamfuata Fanon tabibu, hasa pale alipoketi ana kwa ana na mgonjwa mweupe, kwa kuwa hapo ndipo rangi ya Mzungu, ambayo Mzungu mwenyewe huwa haioni, ilipojitokeza bayana.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique kilichokuwa koloni la Ufaransa. Baba yake alikuwa afisa wa forodha na mama yake aliendesha duka. Watoto wa tabaka lao walilelewa kujiona Wafaransa kamili. Kikrioli kilikuwa lugha ya kukemewa, Kifaransa kikawa lugha ya heshima. Mkenya aliyewahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama hahitaji kufafanuliwa zaidi. Katika shule ya upili, mshairi Aimé Césaire alikuwa miongoni mwa walimu, na ni yeye aliyewatia vijana wa kisiwani wazo la ajabu kwamba kuwa mweusi si jambo la kuonea haya.

Vita vilimzindua kijana huyu. Mnamo 1943 alitoroka kisiwani ili kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru, akiamini kwamba uhuru wa Ufaransa ulikuwa uhuru wake. Jeshini alikuta ngazi ya rangi iliyopangwa kwa makini: Wazungu juu, Waafrika na Waarabu chini, na watu wa Martinique mahali fulani katikati, wakihesabiwa kuwa Wazungu inapofaa na Weusi inapofaa. Alijeruhiwa mashariki mwa Ufaransa mwaka wa 1944, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Hati ya nishani hiyo ilitiwa saini na Raoul Salan, afisa ambaye miaka kumi na kitu baadaye angeongoza majeshi ya Ufaransa dhidi ya Waaljeria. Historia nayo ina mzaha wake.

Baada ya vita alikwenda Lyon kusomea udaktari. Alitaka kuwasilisha kama tasnifu yake mswada uliochunguza jinsi rangi inavyoiumiza nafsi ya mtu mweusi. Ulikataliwa, akalazimika kuandika tasnifu nyingine kuhusu ugonjwa wa neva, na kufuzu mwaka wa 1951. Mswada uliokataliwa ulitoka mwaka wa 1952 kama kitabu, Peau noire, masques blancs, yaani ngozi nyeusi chini ya vinyago vyeupe. Humo anasimulia jinsi mtoto wa Kizungu alivyomwonyesha mama yake kidole kwa hofu baada ya kumwona Fanon, na jinsi mwili wake mwenyewe ulivyomgeukia kuwa kitu kigeni. Wasomaji wengi hukomea kwenye maumivu ya Fanon. Lakini tazama mtoto pia. Ameupata wapi woga huo katika umri ule? Fanon alishikilia kwamba mweusi amefungwa katika weusi wake na mweupe amefungwa katika weupe wake, na kwamba wote wawili wanahitaji kufunguliwa.

Mwaka huohuo aliandika makala kuhusu vibarua wa Afrika Kaskazini waliokuja hospitalini Ufaransa wakilalamikia maumivu wasiyoweza kuyaonyesha mahali pake. Madaktari waliwaona waongo na wavivu kabla hata ya kuwapima. Fanon aliigeuza darubini: aliyehitaji kuchunguzwa kwanza alikuwa daktari, na kile alichokuwa amekibeba moyoni kabla mgonjwa hajafungua mlango.

Novemba 1953 aliingia Blida, hospitali ya wagonjwa wa akili kusini mwa jiji la Algiers. Alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220, kila kundi kivyake. Kutoka kwa mwalimu wake François Tosquelles, mkimbizi wa Kihispania, alikuwa amejifunza tiba ya kuifanya wodi iwe jamii: mikutano, gazeti la wagonjwa, filamu, muziki, kazi za mikono. Kwa wanawake wale tiba ilizaa matunda upesi. Kwa wanaume ilishindikana kabisa. Walikaa kimya, wakachoka, wakaondoka.

Kushindwa huku ndiko kunakonivutia zaidi kuliko ushindi wake wowote. Wataalamu wa shule ya Algiers, wakiongozwa na Antoine Porot, wangekuwa na jibu tayari: ubongo wa mwenyeji haukukomaa. Hapa kwetu Kenya, J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia hospitali ya Mathari, alikuwa akiandika mambo yasiyo mbali na hayo. Chapisho lake la mwaka wa 1953 kwa Shirika la Afya Duniani lilimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya kikoloni kuhusu Mau Mau kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa. Fanon alimtaja Carothers kwa jina baadaye na kumpinga. Mbele ya ukimya wa wodi yake, yeye na msaidizi wake Jacques Azoulay walikiri mwaka wa 1954 kwamba kosa lilikuwa lao. Walikuwa wamewaletea wanaume hao Ufaransa na kuiita tiba. Waliposimamisha mkahawa wa mtindo wa wenyeji, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu na kumwalika msimulizi wa hadithi, wodi ilianza kuchangamka.

Kikwazo kimoja hakikuondoka. Fanon hakukimudu Kiarabu na alimtegemea mkalimani. Alitambua kwamba mgonjwa aliyewahi kusikia mkalimani mahakamani na katika kituo cha polisi hafungui moyo mbele ya mkalimani hospitalini. Wanafunzi wa isimu na wa ushauri nasaha wangefaa kulizungumzia jambo hili pamoja.

Vita vya ukombozi vilizuka tarehe 1 Novemba 1954, na kuanzia hapo walioteswa na waliotesa walimjia tabibu mmoja. Afisa mmoja wa polisi, Mzungu wa miaka 28, alikuwa akisikia mayowe usiku. Alifunga madirisha, akaziba masikio kwa pamba, akafungulia redio. Fanon alimtibu nyumbani kwake. Siku moja afisa huyo alifika na, wakati wa kungoja, akatembea katika uwanja wa hospitali. Fanon alimkuta ameegemea mti, anatetemeka, jasho likimtoka: alikuwa amekutana na Mwaljeria aliyemtesa yeye mwenyewe. Baadaye Mwaljeria huyo naye alipatikana msalani akijaribu kujiua, kwa kuwa aliamini polisi wamekuja kumchukua. Ilichukua muda mrefu kumshawishi kwamba aliyoyaona yalikuwa njozi tu. Alikuwa ameona sawasawa, na wahudumu walilazimika kumdanganya ili apone.

Mwingine, mkaguzi wa polisi, alikuja kwa hiari kwa sababu alikuwa ameanza kuwapiga mkewe na watoto wake, hata yule mchanga. Alijua chanzo ni kazi yake ya kutesa watu, ila hakukusudia kuiacha. Alichotaka ni daktari amsaidie kutesa bila dhamiri kumsumbua. Ombi hili linauweka ushauri nasaha wote kwenye mizani. Ikiwa kazi ya mshauri ni kumrudishia mtu utulivu, basi mkaguzi alistahili kutulizwa. Fanon alielewa kwamba dhamiri ile iliyomsumbua ndiyo sehemu pekee ya mtu huyo iliyobaki na afya.

Mgonjwa wa tatu alikuwa binti Mfaransa wa miaka 21, mwanafunzi, aliyesumbuliwa na wasiwasi. Baba yake, afisa mkubwa wa serikali, alikuwa ameuawa katika shambulio la kuvizia. Kabla ya hapo binti alikuwa amelala katika nyumba ya wazazi akisikia vilio vya watu wakiteswa humohumo, hadi akaacha kwenda nyumbani. Mazishini viongozi walimsifu marehemu kwa utu wake na jinsi wenyeji walivyompenda, naye akajawa na kinyaa. Aliikataa fedha aliyopewa na serikali. Aliona kwamba angekuwa Mwaljeria angejiunga na wapiganaji.

Mnamo 1984 mwanasaikolojia Mmarekani mweusi, Janet Helms, alitoa kielelezo cha jinsi Mzungu anavyokua katika utambulisho wa rangi yake. Kwanza haoni kuwa ana rangi yoyote. Kisha ukweli wa ubaguzi humshtua, na katika mshtuko huo huweza kukimbilia kuwalaumu Weusi, au kusonga mbele kwa maumivu hadi ajijue upya. Helms alionya pia kwamba mshauri aliye nyuma ya mteja wake katika safari hii humdhuru. Binti yule alikuwa katikati ya mshtuko. Mshauri ambaye angemwambia ajivunie baba yake angemrudisha nyuma. Fanon alimsikiliza na kuyaandika maneno yake.

Mwishoni mwa 1956 aliandika barua ya kujiuzulu, akieleza kwamba tiba inayolenga kumrejesha mtu katika mazingira yake haina maana pale mazingira yenyewe yanapomfanya mgeni katika nchi yake. Januari 1957 alifukuzwa Aljeria. Akiwa Tunis alitibu wagonjwa mchana na kuandikia gazeti la chama cha ukombozi. Desemba 1958 alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika yote jijini Accra, ulioongozwa na Tom Mboya wetu. Miaka miwili baadaye aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, na kitabu chake cha mwisho alikiandika kwa haraka ya mtu anayehesabu siku.

Alifariki tarehe 6 Desemba 1961 katika hospitali ya Bethesda, Marekani, akiwa na umri wa miaka 36. Mwili wake ulirejeshwa Tunis, ukavushwa mpaka na kuzikwa katika ardhi ya Aljeria, miezi michache kabla ya uhuru. Hospitali ya Blida sasa inaitwa kwa jina lake.